Wale Saba Waliofia Zizini

Kijiji cha Gongali,
Karatu.
Jumapili, 23 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Sista Bernadina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na masista wenzako wote hapo monasterini. Magoti yanaendeleaje na baridi hii ya Juni? Najua huko Njombe mnaamka mkikuta barafu juu ya majani, na najua hutakubali kuvaa soksi mbili mpaka Mama Mkuu akuamuru. Nakuomba uvae kabla ya kuamriwa.

Sisi huku tunaendelea. Baba anakusalimu sana. Mahindi ameanza kuvuna, si mengi kama mwaka jana, mbaazi ndiyo kwanza zinatoa maua. Jicho lake la kushoto lilifanyiwa upasuaji mwezi wa nne na sasa anaona vizuri kuliko inavyohitajika. Kila asubuhi ananionyesha vumbi lililo juu ya kabati langu.

Nakuomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Barua yako ya Pasaka nimeibeba kwenye mkoba mpaka imechanika kwenye mikunjo. Uliuliza mbona nimekonda kwenye picha aliyokutumia Baba, na kama kazi ya wanyama bado naipenda. Mara nne nilikaa nikujibu, nikaandika salamu, nikachoka, nikaacha. Leo nimetoka misa ya kwanza, Baba ameenda kumwona jirani mgonjwa, nyumba imetulia. Acha nikueleze yote, maana wewe husimulii mtu, na hata ukisimulia huko ndani nani atatoka nayo.

Unajua kwamba mimi ni mtu wa maabara. Ofisini Karatu nina chumba kimoja chenye hadubini, jokofu na dirisha linalotazama stendi. Madaktari wa mradi wakikamata mnyama wa porini, mimi natoa damu, naipaka kwenye kioo, nahesabu chembe nyeupe, zile ambazo ndizo askari wa mwili. Miaka minne nimehesabu damu ya nyati, ya fisi, ya simba. Sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili ya kioo.

Desemba mwaka jana kundi la mbwa mwitu lilianza kula mbuzi wa watu wa Arash, kule Loliondo. Hawa si mbwa wa nyumbani waliopotelea msituni. Ni wanyama wa aina yao, wembamba, masikio ya duara, ngozi ina mabaka meusi, meupe na ya manjano, na hutakuta wawili wenye mabaka yanayofanana. Wamebaki wachache. Lakini mtu aliyepoteza mbuzi humwambii habari ya uchache wao.

Mama mmoja mjane, Naishorua, alipoteza mbuzi tisa kwa asubuhi mbili. Majirani zake walikuwa wameshapaka mzoga wa punda dawa ya kuogeshea ng'ombe, ili kundi lote lije kula na kufa hapo hapo. Daktari Lazaro, mkuu wetu wa mradi, aliwahi kufika, nasi tukakaa na wanakijiji kutwa nzima tukibishana. Naishorua ndiye aliyemaliza maneno. Alisema, "Kama ni wa serikali, kama ni wa Mungu, kama ni wenu, mimi sijui. Waondoeni, nami nitamfukia huyo punda."

Basi vibali vikatafutwa. Mpango ulikuwa wakamatwe wote, wakae wiki sita ndani ya zizi mbali na watu, wapimwe, wachanjwe, kisha wafunguliwe kwenye mbuga za magharibi ambako hakuna mifugo. Karatasini ilikuwa kazi ya huruma. Hata leo nikiisoma ile karatasi sioni mahali ambapo mtu alikusudia ubaya.

Tuliwakamata kumi na mmoja kwa siku mbili, mwishoni mwa Januari. Aliyetuongoza ni Tobiko, mtu mzima wa Enguserosambu anayeyajua yale makorongo na aliyekuwa akimtambua kila mbwa kwa mabaka yake. Jike kubwa, kiongozi wa kundi, alimwita Mama Sikio kwa sababu sikio lake la kulia lilikuwa limechanika. Daktari alimpiga sindano ya usingizi kwa bunduki, akakimbia nayo ikining'inia pajani, akaenda kuangukia kwenye mawe. Nilipomfikia kipimajoto kilisoma arobaini na moja na nusu. Nilimmwagia maji yangu yote ya kunywa, nikamfunika macho kwa kitambaa, nikatoa damu. Mshipa wake ulipiga chini ya kidole changu kama mashine ya kusaga. Halafu tukamchanja, tukamweka kwenye sanduku, tukamwendea mwingine.

Safari kwa lori ilichukua saa nne. Zizi lilikuwa la waya mrefu, chini ya kilima, pakavu na pasafi. Wiki ya kwanza walitembea kandokando ya uzio bila kukaa, mpaka wakachimba njia kwa miguu yao. Kila jioni waliita, sauti laini, huu, huu, ile ambayo mbwa mwitu humwitia mwenzake aliyepotea. Nilimuuliza Tobiko wanamwita nani wakati wote wako humo. Akasema, "Hawamwiti mtu. Wanaita mahali."

Sasa Shangazi, sikiliza sehemu yangu.

Nilikuwa naandika tasnifu yangu ya shahada ya pili. Swali langu lilikuwa hili: mnyama wa porini akikamatwa na kufungiwa, ile hofu inafanya nini kwenye kinga ya mwili wake? Unakumbuka mwaka tulipomzika Mama. Matanga hayajaisha vizuri, Baba akapata mkanda wa jeshi ubavuni, mimi nikalazwa kwa nimonia, na mdogo wangu Leonce akashikwa na homa ya matumbo. Uliniandikia kwamba huzuni hufungua mlango na ugonjwa haubishi hodi. Wewe hukusomea biolojia lakini ulisema kweli tupu. Mwili ukiogopa sana kwa muda mrefu unatoa maji yake ya hofu ndani ya damu, na yale maji yanawarudisha askari kambini. Ugonjwa uliokuwa umelala unaamka. Chanjo nayo haishiki, maana chanjo ni mafunzo, na askari aliyechoka hafundishiki.

Nilitaka kulionyesha hilo kwa tarakimu. Kwa hiyo nilihitaji damu ya siku ya kukamatwa, ya siku ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na moja, na kuendelea mpaka mwisho. Na kila damu, Shangazi, ilimaanisha bunduki tena, kukimbizana tena ndani ya waya, kuanguka tena, kuamka tena na kizunguzungu huku wenzao wakiwazunguka na kuwanusa wasielewe.

Siku ya saba niliporudi Karatu na vile vioo, nilikaa kwenye hadubini tangu asubuhi mpaka mchana. Zile chembe ndogo za duara, limfosaiti, ambazo ndizo zinazokumbuka ugonjwa na kuupiga, zilikuwa zimepungua karibu nusu. Nilizihesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Kwa Mama Sikio nilipitia kioo kizima nikitafuta, kama mtu anayechambua mchele.

Nilimwambia Daktari Lazaro kwamba tungefaa kuiruka siku ya kumi na nne, tuwaache wapumue. Alikuwa anaandika barua. Aliinua kichwa akaniuliza taratibu, "Ni tasnifu yako. Wewe ungependa turuke?"

Shangazi, niliwaza miaka mitatu niliyoingoja nafasi ile. Nikasema, "Tuendelee."

Ndilo neno ninalolibeba. Hakunilazimisha mtu. Siku ya kumi na nne tuliwapiga sindano wote kumi na mmoja. Siku ya kumi na sita Tobiko akanipigia simu kwamba dume mmoja ana tongotongo na anakohoa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa distempa. Ni wa mbwa. Unaanza machoni na puani, unashuka kifuani, halafu unapanda kichwani. Yule dume siku ya pili taya lilianza kutetemeka lenyewe kama mtu anayetafuna kitu kisichokuwepo, siku ya nne akawa anaanguka kifafa. Na wale wazima, kwa desturi yao ya porini, walikula nyama, wakamwendea mgonjwa, wakamtapikia ale. Ndivyo wanavyotunzana. Ndivyo walivyoambukizana pia, na sisi tulikuwa nje ya waya tunatazama.

Ilipofika siku ya ishirini na moja walikuwa wamekufa wanne. Daktari Lazaro alikuja na gari lenye bunduki na madripu. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa hajalala vizuri siku kadhaa, na ndevu zilikuwa zimemwota. Akasema tuwakamate watatu wanaoumwa zaidi, tuwatundikie maji, na mimi nichukue damu yangu ya siku hiyo kwa wote saba waliobaki.

"Daktari, mimi damu sitoi," nikamwambia.

Alidhani hajanisikia. Nikarudia.

"Bila hiyo damu huna tasnifu, Laurencia."

"Najua."

"Na mimi sina cha kuwaandikia wafadhili. Wageni wanakuja mwezi ujao kushuhudia wanafunguliwa. Nitawaambia nini?"

"Waambie maabara imekataa. Andika jina langu."

Tobiko alikuwa amesimama kando ameegemea fimbo, anatazama chini. Daktari aliliangalia lile sanduku la bunduki kwa muda mrefu. "Unadhani kutofanya kitu ni dawa?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Sidhani ni dawa. Nadhani sisi wenyewe tumekuwa sehemu ya ugonjwa."

Alilifunga sanduku, akalirudisha kwenye gari, akaenda kukaa kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, miguu nje. Baadaye akatuita akasema kama ndivyo, basi tufanye sawasawa. Kuwafungua hatukuweza, maana wangeusambaza ugonjwa kwa mbwa mwitu wengine na hata kwa simba. Tulichoweza ni kuwaachia utulivu. Tulizungushia zizi lote magunia ili wasione mtu. Magari yakaachwa mbali, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tobiko peke yake ndiye aliyepeleka nyama, akiirusha kupitia tundu, haongei, havai shuka jekundu. Mimi nilikaa kambini nikiokota kinyesi chao kinachoburutwa nje kwa reki, kwa sababu hata humo yale maji ya hofu huonekana, na kinyesi hakihitaji bunduki.

Wakafa watatu tena. Mama Sikio alikuwa wa mwisho, mwanzoni mwa Machi. Tobiko alisema siku mbili kabla alikuwa bado anawatapikia wenzake, yeye mwenyewe hawezi kusimama sawasawa. Tulimchoma moto pamoja na wengine, kama taratibu zinavyotaka. Nilisimama upande wa upepo, nikabaki nanuka moshi siku tatu.

Wanne walipona. Madume watatu na jike kijana.

Ungeniuliza kama kukataa kwangu ndiko kulikowaokoa hao wanne, ningekwambia sijui. Kile kinyesi kilionyesha hofu ilishuka baada ya magunia kuwekwa. Lakini labda wangepona tu, miili yao ilikuwa na bahati. Ili kujua ningehitaji kundi la pili lililofungwa na kupigwa sindano mpaka mwisho, nipate kulinganisha. Kundi hilo sitaki kulipata.

Katikati ya hayo yote nilitumwa Arash kuulizia ugonjwa ulikotoka. Nilimkuta Naishorua anakamua. Tobiko alikuwa nami, akanisaidia kwa Kimasai pale Kiswahili kilipokwama. Nilimuuliza kama mbwa wake wa nyumbani wana afya. Akaendelea kukamua mpaka akamaliza yule mbuzi, ndipo akasema mbwa wake wote watatu walikufa Desemba na Januari. Macho yalitoa uchafu, vichwa vikatetemeka. Kwa majirani vilevile.

"Yeyo, kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza. Yeyo ni mama kwa lugha yao.

"Hamkuuliza," akasema. "Mlikuja mkahesabu mbuzi. Mbwa hamkuwahesabu."

Kumbe mbwa mwitu walipokuwa wanapita bomani kwake kuiba, walikuwa wanapita kwenye ugonjwa. Angalau mmoja wao aliingia zizini akiwa nao tayari. Porini huenda wangekufa wachache, wengine wakasalimika. Sisi tuliwakusanya, tukawatisha, tukawamaliza nguvu, halafu tukawafungia pamoja na ugonjwa. Majibu ya chanjo yalipotoka Arusha yalionyesha haikushika hata kwa mmoja. Ilikuwa kama kupanda mbaazi juu ya mwamba.

Machi na Aprili nilikwenda Arash mara sita kuchanja mbwa wa nyumbani. Zizi lile na safari hizo ndivyo vilivyonikondesha, Shangazi, wala si jambo jingine unalolifikiria. Mvua ilikuwa kubwa, gari lilikwama kila safari, na tulivuka ukingo wa kreta, lile bonde la volkano, kwenye ukungu unaomfanya dereva aulize kama barabara bado ipo. Tulichanja mbwa zaidi ya mia tatu. Naishorua hakuwa na mbwa tena, lakini alikuja kila mara, akawashika mbwa wa wenzake mbele ya sindano huku amewabana shingo kwa goti. Hatukuongea sana. Aliniletea chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati na kuniambia ninywe ikiwa ya moto.

Daktari Lazaro aliandika ripoti yake mwezi wa tano. Nilipoipata niliifungua moja kwa moja kutafuta jina langu. Sikulikuta mahali popote palipoandikwa kosa. Ameandika kwamba mkuu wa mradi ndiye aliyeidhinisha damu ya siku ya kumi na nne, na mkuu wa mradi ndiye aliyesimamisha vipimo. Nilimwendea ofisini nikamwambia ya kwanza si kweli yote. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuuliza wewe swali ambalo lilikuwa langu kujibu." Hatujalizungumza tena. Wageni walifuta safari yao. Msimamizi wangu chuoni ameniandikia kwa upole kwamba vipimo vitatu na ndoo za kinyesi havitoshi shahada, nianze upya na swali jingine. Bado sijalipata swali jingine.

Lakini kulikuwa na jambo la wale wanne. Mwishoni mwa Mei muda wao wa kutengwa uliisha, wamenenepa kidogo, macho safi. Mbuga za magharibi zikakataa kuwapokea, na sikuwalaumu, nani atakaribisha nyumba yenye msiba wa kuambukiza. Mahali pekee palipobaki ni pale walipotoka, msitu wa juu upande wa Enguserosambu. Kutoka hapo mpaka Arash kwa miguu ya mbwa mwitu si safari.

Ikabidi mtu akamwombe Naishorua. Daktari alisema ataenda yeye, nikamwambia nitaenda mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikitunga shanga. Nilimweleza kwamba wamekufa saba, wamebaki wanne, kwamba hawana pengine pa kwenda, na kwamba yeye akikataa, naamini wazee wa Arash watamsikiliza. Sikumficha kwamba wanaweza kula mbuzi tena. Nikamwambia pia kuhusu siku ya kumi na nne. Sikujua kwa nini namwambia. Labda kwa sababu nilikuwa sijamwambia mtu.

Alimaliza kwanza mstari mzima wa shanga nyeupe.

"Wale saba mimi niliwaombea wafe," akasema. "Kila asubuhi, nilipotoka nje. Sasa wamekufa, na mbuzi wangu tisa hawajarudi." Akakata uzi kwa meno. "Wewe uliwataka wazima ukawaua. Mimi niliwataka wafe na sikuwagusa. Engai ndiye ajuaye atatupanga vipi." Engai kwao ni Mungu.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo, yeyo?"

"Warudisheni. Lakini wakila mbuzi sitaki ofisi, sitaki karatasi. Nitakupigia wewe, na wewe utakuja."

Nikakubali.

Tuliwafungua wiki ya kwanza ya mwezi huu. Hatukumpiga sindano hata mmoja. Tobiko aliwavuta kwa nyama mpaka wakaingia wenyewe kwenye masanduku, kazi iliyochukua siku tisa, na Daktari hakumharakisha. Kule msituni tulifungua milango kwa kamba ndefu tukiwa mbali. Walikaa ndani karibu saa nzima. Halafu jike akatoa kichwa, akapiga chafya, akatoka. Madume wakamfuata. Hawakukimbia. Walisimama kwenye nyasi wakinusa, wakapotea mmoja mmoja kwenye miti. Nilifikiri nitajisikia furaha. Nilijisikia kama mtu aliyeshushiwa mzigo akabaki na alama za kamba mabegani.

Sasa habari ya mwisho, halafu nikuache ukasali. Jumatano iliyopita niko maabara, simu ya Tobiko ikaita. Nilipopokea hakuwa Tobiko. Alikuwa Naishorua.

"Laurencia," akasema, "mbwa wako wamepona."

Nikamuuliza amejuaje.

"Wamekula mbuzi wangu leo asubuhi, yule mweusi. Walikuwa wanne. Wanakimbia vizuri sana. Walimmaliza kabla sijapata fimbo." Nilisikia mbuzi wengine wanalia nyuma yake. "Ugonjwa hawana. Njoo tutengeneze uzio."

Shangazi, nilikata simu nikakaa kwenye kile kiti cha hadubini nikacheka, nikalia, nikashindwa kutofautisha. Mwenzangu wa ofisini alidhani nimepata msiba. Nilimsikitikia yule mama kwa mbuzi wake, Mungu ananiona. Na wakati huohuo nilikuwa nawaona wale wanne kwenye nyasi za asubuhi, matumbo yameshiba, kila askari amerudi kazini.

Kesho alfajiri naondoka kwenda Arash na mizigo miwili ya waya. Tobiko amekwishakata miiba. Nitakaa kwa Naishorua siku nne, tuzungushe boma lake lote, na nikirudi nitapumzika kweli, nimemwahidi Baba. Bado nimechoka, nisikudanganye. Uchovu huu si wa usingizi. Lakini kazi umeniuliza kama naipenda, na nimeona nimeshafunga begi kabla sijakujibu.

Nakuomba uniombee, na kama kanuni za monasteri zinaruhusu, uwaombee na wale wanne. Ni wachache mno kuanza kundi, lakini jike yuko.

Baba amesema nikupe salamu zake tena hata kama nimeshazitaja, na amekufanyia slufay, ile baraka ya wazee wetu wa Kiiraqw, asubuhi ya leo alipokuwa anatoka kwenda kwa jirani: uwe na usingizi mtamu, magoti yako yawe mepesi, na mvua ya shamba lenu inyeshe bila mawe. Leonce na mkewe Resiato wanakusalimu kutoka Mbulu, mtoto wao ameanza kusimama kwa kushika kiti. Mzee Bartolomeo wa kanisani anauliza kila Jumapili kama bado unaimba sauti ya pili. Nisalimie Mama Mkuu na masista wote, hasa yule wa bustani aliyenitumia mbegu za karoti. Zimeota.

Mungu akukinge na baridi, Shangazi yangu, akuamshe mzima kila alfajiri ya sala.

Nakupenda kwa moyo wote uliobaki na nguvu,
ni mimi binti wa kaka yako,

Laurencia Qamara